Kompyuta ya zamani haihitaji distro nyepesi kuliko zote

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo linalowagusa vijana wengi wanaojifunza kuandika programu kwa kompyuta mpakato za mtumba. Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo, kwa kawaida, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. ThinkPad T430, EliteBook 840 G1 na Latitude E6430, mashine imara ambazo bado zinauzwa kwa wingi, zimeachwa nje. Kijana anaambiwa "weka Linux", naye anauliza swali lile lile kila siku: distro ipi (yaani toleo la Linux, kama Debian au Mint) ni nyepesi kuliko zote?

Tunaandika kwa sababu swali hilo linawapoteza watu. Wanaohangaika kutafuta distro nyepesi kupita zote huishia na mfumo usio na vifurushi (programu zilizo tayari kusakinishwa) wanavyovihitaji, wanakwama kwenye somo la kwanza la Python, kisha wanamrudia fundi awapigie Windows isiyo na leseni. Uzito unaoigandisha mashine hauko pale wanapoutafuta.

Chukua mashine yenye RAM ya GB 4. Debian yenye mazingira ya Xfce (sehemu inayochora madirisha na menyu), ikishawaka na kabla hujafungua chochote, hutumia kadiri ya MB 600 hadi 700. Ukiweka LXQt badala ya Xfce utaokoa labda MB 100 au 200. Ukishuka hadi antiX yenye IceWM utabaki kwenye MB 200 au 300. Sasa fungua Firefox yenye tabo kumi, mojawapo ikiwa YouTube: GB 1.5 imeondoka, pengine hata 2. Fungua kihariri cha msimbo cha VS Code chenye nyongeza ya Java au Python: zaidi ya nusu GB nyingine, na ile seva ya lugha inayokusahihishia msimbo wa Java inaweza peke yake kula hadi GB nzima. Faida yote ya kuhama kutoka Xfce kwenda IceWM inamezwa na tabo chache za kivinjari. Kwa hiyo yule mwenye GB 4 aanze kwa kupunguza tabo na kubadili kihariri. Geany hutumia makumi tu ya MB, inapaka msimbo rangi, inakusanya programu ya C kwa kitufe cha F9, na inaendesha ya C au Python kwa F5. Kwa anayeanza Python, Thonny inamtosha kabisa. Vim na Neovim ni nyepesi pia, ila zinahitaji subira ya kuzizoea. Ukitaka kujua ni tabo gani inayokumaliza, andika about:processes kwenye Firefox; itakuonyesha kila ukurasa na kiasi unachotumia.

Kabla ya jina la distro, mtu aijue prosesa yake. Waliokwisha kuwa na Linux waendeshe amri ya lscpu na kusoma mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukiandikwa "32-bit, 64-bit", mashine ni ya biti 64 hata kama aliyeiweka awali aliweka mfumo wa biti 32. Wengi hudanganywa na amri ya uname -m, ambayo hutaja mfumo uliowekwa, si uwezo wa prosesa. Suala hili lina uzito mkubwa leo. Debian 13, iliyotoka Agosti 9, 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya biti 32. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, VS Code mwaka 2019, Node.js haitoi faili zake rasmi za Linux ya biti 32 tangu toleo la 10, na Firefox nayo imefunga mlango huo. Mashine ya biti 32 pekee inaweza kufundishia C, Bash na Python kwa Debian 12 au antiX, na hilo si haba. Lakini asiuziwe mtu mashine hiyo leo kwa ahadi ya kujifunzia utengenezaji wa tovuti za kisasa.

Kuna mpaka mwingine usioonekana kwenye kibandiko cha dukani: maelekezo ya prosesa yanayoitwa AVX, ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo. Yalikuja na Core i ya kizazi cha 2 mwaka 2011. Core 2 Duo haina. Na Pentium na Celeron za miaka hiyo, hata zile za kizazi cha 3 na cha 4, zilikatwa AVX ingawa i3 na i5 za kizazi hicho hicho zinayo. Mwenye mashine isiyo na AVX akisakinisha hifadhidata ya MongoDB ya toleo la 5 kwenda juu, au kifurushi rasmi cha TensorFlow, atakutana na maneno "Illegal instruction" na programu itakufa papo hapo. Atabadilisha distro mara tatu bila kupona, kwa sababu tatizo limo ndani ya chipu. Kipimo ni amri moja: grep -c avx /proc/cpuinfo. Jibu likiwa 0, hana. PostgreSQL, MariaDB na SQLite hazidai AVX, kwa hiyo somo la hifadhidata linaweza kuendelea bila shida.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Kwa mwanafunzi mwenye mashine ya biti 64 na RAM ya GB 4 au zaidi, ushauri wetu ni Debian 13 yenye Xfce. Ina vifurushi zaidi ya 69,000, ikiwemo GCC 14, Python 3.13, OpenJDK 21 na PHP 8.4, vyote bila kutafuta vyanzo vya pembeni. Inahudumiwa kikamilifu hadi 2028, na kwa mpango wa muda mrefu hadi Juni 2030. Tena haibadiliki-badiliki: masasisho yake ni ya usalama na marekebisho ya kasoro, kwa hiyo hayamalizi bando. Hilo la bando huwa halizungumzwi na wanaoshauri distro ya Arch. Arch husasisha kila kitu wakati wote, na asiyeigusa kwa miezi miwili atadaiwa kupakua GB kadhaa kabla ya kusakinisha hata kifurushi kimoja.

Asiyependa maswali ya kisakinishi cha Debian achukue Linux Mint 22 ya Xfce. Inatumia msingi wa Ubuntu 24.04, inahudumiwa hadi 2029, ina programu ya kutafuta draiva, na kama Debian, haikulazimishi kutumia vifurushi vya snap, muundo wa Ubuntu. Xubuntu na Lubuntu si mbaya, ila Firefox yake huja kama snap, na kwenye diski ya kuzunguka utaisubiri. Mwenye GB 2 aende antiX au Debian yenye LXQt.

Puppy inafaa sana kuokolea mafaili ya mashine iliyokufa, lakini si ya kufanyia kazi kila siku. Alpine ni ndogo mno na tunaiheshimu kwenye seva. Tatizo ni kwamba inatumia maktaba ya msingi ya C iitwayo musl badala ya glibc, na programu nyingi zilizokusanywa tayari, VS Code ikiwamo, zinategemea glibc.

Kali tunaitaja peke yake kwa sababu vijana wengi wanaikimbilia kwa jina lake. Imetengenezwa kwa ajili ya majaribio ya usalama, inafuata tawi la Debian linalobadilika kila mara, na wanaoitengeneza wenyewe wanasema haimfai anayeanza Linux. Kila zana ya usalama mwanafunzi atakayoihitaji kwenye kozi ya kawaida, kama nmap na Wireshark, imo kwenye Debian.

Fedha ikiwepo kidogo, isiende kwingine kabla ya SSD. Diski ya kuzunguka inasoma faili moja kubwa kwa kasi ya kuridhisha, lakini inaweza kuruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine kwa kadiri ya mara mia tu kwa sekunde, wakati SSD ya SATA inafanya hivyo makumi ya maelfu. Amri kama npm install huandika makumi ya maelfu ya vifaili vidogo, na git status hupita faili moja moja. Hapo ndipo dakika zinapopotelea. SSD ya inchi 2.5 yenye GB 240 inatosha, na hata Core 2 Duo yenye SATA ya zamani itanufaika. Ila sokoni kuna za bandia zinazodai ukubwa zisio nao. Sakinisha kifurushi cha f3, ijaze diski kwa f3write, kisha isome kwa f3read. Data iliyopotea itaonekana.

Kwenye RAM kosa la kawaida ni la volti. Mashine za Core i za kizazi cha 4, kama ile 840 G1 yenye i5-4300U, zinataka DDR3L ya volti 1.35, ambayo kibandiko chake kinaandikwa PC3L. Ukichomeka PC3 ya kawaida ya volti 1.5 haitawaka, na muuzaji atakwambia mama-bodi imekufa. Kizazi cha 2 na cha 3 hupokea zote mbili. Ukiweza, weka vibao viwili vinavyolingana, kwa sababu picha za skrini zinachota kwenye RAM hiyo hiyo na njia mbili zinaongeza kasi.

Usakinishaji wenyewe una mitego michache inayojirudia. Faili la netinst la Debian halifiki GB 1, wakati la Mint linakaribia GB 3. Lakini netinst inaendelea kupakua wakati wa kusakinisha, kwa hiyo hesabu bando lote. Pima faili kwa sha256sum, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti, kabla ya kuliandika kwenye flashi. Ukiwa Windows tumia certutil -hashfile. Kwenye Rufus, programu ya Windows ya kuandikia flashi, flashi ikikataa kuwaka, iandike upya kwa kuchagua DD. Menyu ya kuwashia iko F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP. Kisakinishi kikikuuliza nenosiri la root (msimamizi mkuu), liache wazi. Ukilijaza, jina lako halitaingizwa kwenye sudo, yaani ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi, na jioni hiyo hiyo utakuwa unasoma ujumbe kwamba hupo kwenye sudoers. Kwenye orodha ya programu, ondoa alama ya GNOME kwa kitufe cha nafasi na uweke kwenye Xfce. Wanaobonyeza tu Enter ndio baadaye wanaolalamika kwamba Debian ni nzito.

Tangu Debian 12, fimwea (programu ndogo za kuendeshea kadi) nyingi za Wi-Fi zimo ndani ya kisakinishi, kwa hiyo kadi za Intel hazisumbui. Zinazosumbua ni baadhi ya Broadcom: kifurushi cha firmware-b43-installer lazima kipakue fimwea kutoka intaneti, na intaneti ndiyo unayoitafuta. Chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Mara nyingi inatambulika bila draiva ya ziada. Usikimbilie kununua kadi nyingine ya Wi-Fi kwa ThinkPad za T420 na T430 kabla ya kuhakikisha inakubalika, maana BIOS yake (programu ya kuwashia mashine) inakataa kadi zisizo kwenye orodha yake na kusimama na kosa la 1802.

Betri ndogo ya CR2032 ya saa huwalaza watu macho kuliko kasoro yoyote ya programu. Ikifa, tarehe inarudi nyuma miaka kumi au zaidi. Tovuti zote za https zinakataa kwa madai kuwa cheti si halali, na apt, kisakinishi cha vifurushi cha Debian, inasema faili la Release "is not valid yet". Mtu anadhani distro ni mbovu, anaifuta. Andika amri ya date kwanza. Betri ni ya bei ndogo, ila kwenye mashine nyingi huwa na waya na plagi yake, kwa hiyo ile tupu ya rimoti haitoshi bila kuhamisha waya.

Ukishaingia, kuna mambo mawili tunayoyasisitiza kwa yeyote mwenye GB 4. La kwanza ni zram, yaani sehemu ya RAM inayotunza data iliyobanwa badala ya kuitupa diskini. Sakinisha zram-tools, fungua /etc/default/zramswap, weka ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha sudo systemctl restart zramswap. Angalia kwa amri ya sudo swapon. Ongeza kifurushi cha earlyoom: RAM ikikaribia kuisha, kinaifunga programu iliyokula zaidi kabla mashine nzima haijaganda. Utapoteza tabo, lakini hutapoteza kazi yote kwa kuzima kwa nguvu.

La pili ni jipya, na limewakamata hata wazoefu. Katika Debian 13 folda ya /tmp haiko tena diskini. Iko ndani ya RAM, na inaruhusiwa kujaa hadi nusu ya RAM yote. Kwenye mashine ya GB 4 hiyo ni GB 2. Pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inapokusanya kifurushi kikubwa huweka mafaili yake /tmp. Inajaa, inatokea "No space left on device", mwanafunzi anaangalia diski na kuona GB 150 ziko wazi, anachanganyikiwa. Amri ya df -h /tmp inaonyesha ukweli. Dawa ni sudo systemctl mask tmp.mount kisha kuwasha upya, nayo /tmp inarudi diskini. Kwa mara moja tu, tengeneza folda ya tmp ndani ya nyumba yako na uanze amri kwa TMPDIR=$HOME/tmp.

Kuhusu pip hiyo hiyo, Debian inakataa kuweka vifurushi vya Python ndani ya mfumo na inatoa ujumbe wa "externally-managed-environment". Mitandaoni wanafundisha kuongeza --break-system-packages. Tafadhali msifanye hivyo. Jina lake linasema wazi litakalotokea. Sakinisha python3-venv, ingia folda ya kazi, andika python3 -m venv .venv, kisha source .venv/bin/activate, na pip itafanya kazi bila kugusa mfumo. Wanaoandika C na C++ waweke build-essential na gdb, na wanapokusanya mradi mkubwa watumie make -j2. Ukiandika make -j bila namba, itaanzisha kazi zote kwa pamoja na RAM itaisha ndani ya sekunde chache.

Walimu wenye maabara ya mashine kadhaa na intaneti ya simu moja wana njia ya kupakua mara moja tu. Kwenye mashine ya kwanza tumieni apt-get, si apt, kwa sababu apt hufuta vifurushi ikishamaliza kusakinisha, wakati apt-get huviacha /var/cache/apt/archives. Nakilini mafaili yote ya .deb kwenye flashi, na kwenye mashine nyingine, zilizosakinishwa toleo lile lile, ingieni folda hiyo na muandike sudo apt-get install ./*.deb. Darasa zima linapata zana kwa bando la mashine moja.

Yapo yasiyowezekana na ni haki kuyasema kabla mtu hajatoa fedha. Android Studio inataka GB 8 kama kiwango cha chini, na 16 ukiongeza emuleta yake (simu ya kuigiza). Kwa GB 4 hata usijaribu. Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa, ikiwa na kontena nne tano itakugandisha, na mwanafunzi wa ngazi hiyo hajaihitaji bado: PostgreSQL iliyosakinishwa moja kwa moja inatosha.

Ombi letu ni kwa wauzaji. Wanaposema "Core i5, GB 4, diski 500" hawajasema kitu, kwa sababu i5 ya 2011 na ya 2018 ni mashine mbili tofauti. Waandike namba kamili ya prosesa, aina ya RAM na idadi ya nafasi zake, na kama diski ni SSD. Mnunuzi naye aende na flashi ya Debian ya kuwashia moja kwa moja bila kusakinisha. Kabla ya hapo aingie BIOS, F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikiomba nenosiri asilipie. Kisha aiwashe kwa flashi, aunganishe Wi-Fi, asakinishe smartmontools ya kupima afya ya diski na kuendesha sudo smartctl -a /dev/sda. Kwa diski ya kuzunguka, Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) ikiwa juu ya 0, ahesabu bei ya SSD mle mle kwenye mapatano. Muuzaji akikataa flashi isichomekwe, duka la pili liko jirani.

Mafundi wa kompyuta na wakufunzi wa programu,
Dar es Salaam